Mgeni Kwenye Kioo

Kazini kwetu kuna maneno mawili yanayosemwa mara mia kwa siku. Kabla kioo hakijazamishwa majini, mkataji anauliza, "Maji?" Mkaguzi anachungulia beseni na kujibu, "Safi." Kama si safi, anasema si safi, na mkataji anatupa alichokata na kuanza upya, hata kama mgongo unamuuma. Watu wanaopita koridoni hudhani tumerukwa na akili.

Nieleze, maana wengi hawajui kwamba kazi hii ipo. Mtu akitolewa kipande cha nyama mwilini ili kipimwe, kipande hicho hakiendi kwa daktari moja kwa moja. Kinakuja kwetu maabara. Tunakitoa maji yake yote, tunakizamisha kwenye nta mpaka kinakuwa kitofali kidogo, kisha tunakifunga kwenye mashine na kukikata kwa wembe. Kinatoka utepe mwembamba ambao ukipiga chafya umeupoteza. Utepe unaelea kwenye beseni la maji ya vuguvugu, ukishajinyoosha unauopoa kwa kioo, na kioo ndicho kinachokwenda chini ya darubini. Sasa hatari iko kwenye maji. Chembe ya mgonjwa mmoja ikibaki inaelea, inaweza kupanda kwenye kioo cha mgonjwa mwingine. Chembe hiyo tunaiita mgeni. Mgeni mmoja anaweza kumfanya mtu mzima akatwe utumbo bure. Ndiyo maana baada ya kila kitofali unafuta uso wa maji kwa karatasi, na mtu wa pili anahakikisha.

Kwa miaka kumi na sita hakuna mgeni aliyewahi kuonekana kwenye kioo changu. Wenzangu walinibandika jina la Futafuta, nami nikalipenda kuliko jina nililopewa na mama. Najisifu? Ndiyo, najisifu. Hayo mengine yote ya maisha yangu sina la kuyasifia.

Dada yangu ni fundi cherehani. Mama alipofariki kwa ugonjwa wa tumbo, akiwa na miaka arobaini na sita, mimi nilikuwa na kumi na mbili na dada ishirini na mbili. Aliacha chuo, akafunga cherehani ya mama barazani, akanisomesha kwa sindano. Hakubahatika kupata mtoto. Watu wakimuuliza, hunionyesha mimi kwa kidole na kusema, "Si huyu hapa? Angalia alivyo mkubwa, angekuwa mdogo kidogo ningemchapa."

Alikuwa anatoka damu chooni kwa miezi minane bila kuniambia. Mimi ninayeshinda na nyama za watu kuanzia asubuhi hadi alasiri! Nilijua tu siku nilipomkuta ameegemea ukuta, jasho linamtoka. Nikamfokea. Nikamwambia mficha maradhi kifo kitamuumbua. Akanijibu kwamba yeye si mficha maradhi, yeye ana bawasiri, na bawasiri haitangazwi kwa tarumbeta. Nikamburuta hospitali nikiwa nalia kwa hasira. Akaingizwa kamera, ukaonekana uvimbe mdogo upande wa kulia wa utumbo mpana. Wakamega vipande vitano vidogo kama punje za mtama, wakavileta kwetu.

Sheria yetu iko wazi. Kipande cha ndugu yako hukigusi, unampa mwenzako. Mwenzangu ni Polepole, mwanamume mwenye mikono ya dhahabu na mwendo wa kinyonga, na saa ile alikuwa amekwenda kula. Akienda kula, unaweza kushona gauni zima kabla hajarudi. Nikaliona jina la dada kwenye kitofali. Mtu yeyote asimkate dada yangu, nikasema moyoni. Kama ni kukatwa, nitamkata mimi.

Nikakata. Asubuhi hiyo nilikuwa nimetoka kukata utumbo wa mzee mmoja uliojaa saratani kila pembe, na beseni lilikuwa ni lile lile. Nikafuta maji. Utepe wa dada ukaelea. Nikauliza kwa sauti, "Maji?" Chumba kizima kilikuwa kitupu. Nikachungulia, nikajijibu mwenyewe, "Safi." Nikaopoa. Kisha, kwa kutaka daktari aone vizuri, nikakata tena na tena, kioo baada ya kioo, mpaka punje ndogo kuliko zote ikaisha kabisa kwenye nta. Nilipoweka sahihi, sehemu ya mkaguzi niliiacha wazi.

Kesho yake Daktari wa darubini aliniita ofisini kwake. Ni mwanamke mkavu wa maneno, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Aliniambia niketi. Nilipoona ananiambia niketi, nikajua.

"Vipande vinne havina kitu," alisema. "Cha tano ni saratani. Pole sana. Daktari wa upasuaji ana kitanda Jumatatu, na uvimbe bado mdogo. Tumeuwahi."

Nilisikia maneno yote isipokuwa lile la mwisho. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Miaka kumi na sita nimewakata dada za watu huku nikipiga mluzi, na siku ya dada yangu nikashindwa kukaa kwenye kiti. Mfa maji haachi kutapatapa, nami nikashika kilichokuwa karibu.

"Ni mgeni," nikasema.

"Nini?"

"Kipande cha tano. Ni mgeni, Daktari. Sikufuta maji. Nilitoka kumkata yule mzee, nilikuwa peke yangu, sikufuta."

Akavaa miwani, akalifungua daftari la kazi, akaona ile nafasi tupu ya mkaguzi. Nikaona hasira ikimpanda shingoni.

"Wewe? Futafuta?"

"Mimi."

"Basi tukate tena kitofali."

"Hicho kipande cha tano kimekwisha. Nilikimaliza."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ile siku ilinipeleka mbali. Daktari wa upasuaji aliposikia akasema yeye hamkati mtu kwa kioo chenye shaka, na kwamba si kila uvimbe ni saratani. Kitanda cha Jumatatu akapewa mtu mwingine. Kurudia kamera haikuwezekana, ilikuwa imepelekwa kutengenezwa. Ikabaki njia moja. Kile kioo kipelekwe maabara kubwa ya jeni pamoja na damu ya dada, kipande cha yule mzee, na damu yangu pia, kwa sababu hata ngozi ya mkataji huweza kudondoka majini na kuwa mgeni. Wangelinganisha na kusema chembe ile ni ya nani. Majibu yangechukua wiki sita. Mimi nikaondolewa kwenye wembe, nikapangiwa kuosha vioo, nikaosha kwa furaha. Kwa mara ya kwanza maishani niliomba Mungu niwe mzembe.

Dada nilimwambia jioni ile ile. "Kumetokea kosa kazini. Majibu yaliyotoka si yako. Tusubiri mengine."

"Kosa la nani?"

"Langu."

Alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Akanitazama, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. "Wewe uache uchafu? Wewe uliyekuwa unafuta sahani ya mgeni kabla hajamaliza kula?" Akanikumbatia. "Sijawahi kufurahia ujinga wako kama leo, mdogo wangu."

Zile wiki sita sijui nizielezeje. Nilikuwa najua. Mkono unajua ulichokifanya. Ukiuliza mkono wangu kama ulifuta yale maji, utakuambia ulifuta mara mbili, kutoka kushoto kwenda kulia, ukatupa karatasi kwenye ndoo ya njano. Lakini nilijibishana na mkono wangu mwenyewe usiku na mchana. Labda nilifuta baada ya kitofali cha kabla ya hapo, si hiki. Labda nachanganya na siku nyingine. Watu wanasahau kufunga mlango, watu wanasahau watoto sokoni, kwa nini mimi nisisahau karatasi?

Dada alipungua. Nguo zake alizipunguza mwenyewe, nami nikaona. Wiki ya pili kulikuwa na mshono mpya kiunoni. Wiki ya nne hakushona tena, alibana kwa pini. Nikamuuliza, akasema ni joto, hamu ya kula imekata. Nikasema ndiyo, joto la mwaka huu limezidi. Nikasema hivyo mimi, mwenye cheti ukutani! Siku moja nilikwenda hadi mlangoni kwa Daktari, nikanyoosha mkono nigonge, nimwambie nilifuta, turudishieni kitanda chetu. Ndani nikasikia kiti kikisogezwa. Nikageuka nikaenda kuosha vioo. Mtu asiniambie kwamba niliogopa kwa sababu ya mapenzi. Niliogopa tu.

Majibu yalikuja siku ya Jumatano. Daktari alimwita Polepole naye aingie, sijui kama shahidi au wa kunishika nikianguka.

"Hakukuwa na mgeni," alisema. "Chembe ni ya dada yako. Haina hata punje ya yule mzee."

Polepole akashusha pumzi.

"Na kuna jambo jingine wameliona. Sikiliza vizuri, maana linakuhusu." Akachukua kalamu, akachora maduara mawili kwenye bahasha. "Kila seli ya mwili inapogawanyika inanakili maagizo yake yote upya. Ni maandishi marefu mno, kwa hiyo makosa lazima yatokee. Ila kuna jeni ambazo kazi yake ni kupitia nakala, kutafuta kosa na kulirekebisha. Tunazaliwa na nakala mbili za kila moja ya jeni hizo, moja ya baba, moja ya mama. Moja ikifa, nyingine inaendelea na kazi." Akafuta duara moja kwa mstari. "Dada yako alizaliwa na moja mbovu. Iko hivyo kwenye damu yake, iko hivyo kwenye kila seli yake. Kwa miaka arobaini na mitano ile moja iliyobaki imefanya kazi ya wawili. Kisha katika seli moja tu ya utumbo, moja kati ya mabilioni, nayo ikaharibika." Akafuta duara la pili. "Kuanzia hapo makosa yakawa hayana wa kuyaona. Yakarundikana. Likaharibika agizo la kusimama kukua, likaharibika agizo la kufa wakati ukifika. Seli isiyosimama wala kufa inazaa nyingine kama yenyewe, nazo zinaongeza makosa yao. Hiyo ndiyo saratani. Hakuna kilichotoka nje."

"Mkaguzi hakuwepo," Polepole akasema polepole, kama anavyosema kila kitu.

"Mkaguzi hakuwepo," Daktari akakubali. "Na mama yenu alifariki kwa nini?"

"Tumbo," nikasema.

Walitusema sana wakati ule. Wapo waliosema mama amelishwa kitu, wapo waliosema ni fikra nyingi, na shangazi mmoja alisema ni adhabu ya mdomo wake mkali. Kumbe mama alikuwa amezaliwa nayo, akampa dada bila kujua, kama alivyompa vidole virefu na cherehani. Nikafikiri tu juu ya lile duara lililobaki, likikagua peke yake miaka yote ile, dada akishona, mimi nikisoma.

"Kwa kila mtoto ni nusu kwa nusu," Daktari alisema. "Damu yako wanayo. Unataka kujua yako?"

"Sitaki."

"Basi dada yako arudi leo hii. Wiki sita ni nyingi." Akavua miwani. Hakuniuliza kama nilifuta maji. Alikuwa ameshajibiwa na maabara kubwa, na nadhani angenipiga kofi kama angefungua mdomo tena.

Nilimkuta dada anakata kitambaa cha bluu, pini nne mdomoni. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni, sikuthubutu kuingia. Nilimweleza kuhusu jeni, kuhusu mama, kuhusu kitanda cha Jumatatu alichopewa mtu mwingine. Akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto.

"Kwa hiyo maji ulifuta," alisema.

"Nilifuta."

"Na ulijua kwamba ulifuta."

"Nilijua."

Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane, anirushie mkasi, anifukuze. Akakaa kwenye kiti cha cherehani na kunyoosha kile kitambaa kwenye mapaja.

"Na mimi nilijua," alisema. "Mtoto niliyemlea mimi haachi uchafu majini. Na damu haikukatika hata siku moja. Ila uliponiambia, nikasema, Mungu wangu, hebu na iwe kweli. Mara moja tu huyu mtoto awe ameboronga." Akajaribu kucheka. "Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi miaka yote nazishona mwenyewe."

Nikapiga magoti. Nikamwambia nimekuua. Nilisema hivyo hivyo, sikutafuta neno jingine.

"Nyamaza. Sina nguvu ya kukubembeleza leo," alisema, na hapo ndipo alipokasirika kweli. "Na hiyo damu yako ukaitazame. Usiniletee uoga wako humu ndani, umeshatugharimu. Sikukulea ili uje kufa kwa jambo lenye majibu."

Nikarudi kwa Daktari nikiwa na macho yamevimba. Akafungua bahasha nyingine. Mimi sina ile jeni mbovu. Katika ile bahati nasibu ya nusu kwa nusu, dada alivuta mbaya, mimi nikavuta nzuri, na yeye ndiye aliyekuwa akinilisha. Nilipompelekea habari, alikuwa tayari amelazwa akisubiri upasuaji, mpira wa dripu mkononi. Alipiga makofi kwa mkono mmoja kwenye paja, mgonjwa wa kitanda cha pili akaamka.

"Umeona?" aliniambia. "Angalau kuna nguo moja imetoka bila kasoro."

Nilitoka koridoni nikalia mpaka nikatapika.

Upasuaji ulichukua saa nne. Walitoa kipande cha utumbo chenye uvimbe, ambao sasa haukuwa mdogo, na kwa kuwa daktari wa upasuaji alihisi kitu kigumu kwenye ini alipopapasa, alimega kipande hapo pia. Kama ini lina kitu, ugonjwa umeshasafiri, na mazungumzo yanakuwa ya aina nyingine kabisa. Nilimuuliza Daktari wa darubini, ikiwa umeshasafiri, je, ulisafiri katika zile wiki sita au kabla? Akasema hakuna kioo duniani kinachojibu swali hilo. Afadhali angesema ni mimi.

Kipande cha ini kilikuja kwetu siku mbili baadaye, kikawa kitofali. Mkataji wa tatu wa maabara yetu alikuwa likizo, na Polepole hawezi kukata bila mkaguzi. Daktari alisimama kati yetu akifikiri, kisha akaninyooshea kidole.

"Macho tu. Mikono nyuma."

Nikafunga mikono nyuma kama mtoto wa shule. Polepole akafunga kitofali, akapunguza nta ya juu, akafuta maji. Nilimtazama anavyofuta, kushoto kwenda kulia, mara mbili, karatasi kwenye ndoo ya njano. Akazungusha gurudumu. Utepe ukatoka, akaushika kwa koleo ndogo, akaulaza juu ya maji. Ukajikunja, ukatulia, ukajinyoosha.

Ini likikatwa huwa na rangi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hili lilikuwa na doa jeupe katikati, ukubwa wa punje ya mchele. Mtu wa kawaida asingeliona. Mimi sikuhitaji darubini, na Polepole naye hakuhitaji. Kioo kilikuwa kimesimama mkononi mwake juu ya beseni, hakishuki. Kwa mara ya kwanza sikumwona ni mtu wa polepole. Nilimwona ni mtu anayengoja.

"Maji?" aliuliza, naye hakutazama maji, alinitazama mimi.

Nilijua ananipa nini. Ningesema si safi, angetupa ule utepe bila kuuliza, angefuta upya, angekata mwingine, na huenda tungevuta hadi jioni, hadi kesho, siku moja zaidi ambayo dada angekuwa mtu anayesubiri majibu. Alikuwa wodini wakati ule, ameomba aletewe sindano na uzi ili apunguze gauni la hospitali.

Nikainama juu ya beseni. Nikapitia pembe zote nne, nikapitia kingo, nikatafuta chembe, uzi, unywele, chochote. Nilitafuta kuliko nilivyowahi kutafuta kitu maishani mwangu.

"Safi," nikasema, na Polepole akazamisha kioo.